Jina la Shangazi Linauzwa

Jina la shangazi yangu sitaliandika hapa. Silionei haya hata kidogo. Ila nimejionea kwamba siku hizi ukiliweka jina la mtu mahali penye macho mengi, yupo asiyejulikana atakayelichukua, aliwekee bei, kisha akae kitako akimngoja mwenyewe aje kulinunua. Kwa hiyo nitamwita shangazi tu, na wengine nitawataja kwa udugu wetu. Anayetaka majina na aje Ukunda nimwambie kwa mdomo.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, mjane, anakaa Msambweni, na kazi yake ni mikeka. Anaitia miyaa rangi, anasuka ukili, kisha anashona ukili kwa ukili mpaka mkeka unakamilika, na hapendi kuharakishwa. Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto. Binti yangu, aliyekuwa akipelekwa kwake kila shule zikifungwa, ndiye aliyemlea kama wake. Tangu binti huyo akiwa mdogo ilisemwa mbele ya watu kwamba akipata mtoto wa kike, mtoto huyo atachukua jina la shangazi. Shangazi hakuwahi kutuomba kitu kingine.

Kwetu sisi jina halibuniwi. Mtoto anakuja na jina lake liko tayari kwa bibi au babu, na baba wa mtoto huenda kwa mwenye jina akaliomba kwa heshima, hata kama mambo yote yalishakubaliwa zamani. Baada ya hapo mwenye jina na mtoto huitana somo. Tena somo si wa ukoo tu. Ukikutana njiani na mtu mnayeitwa jina moja, huyo ni somo yako: unamchangamkia, unawaulizia watu wake, na ukiwa na kitu mkononi unampa. Shangazi aliwahi kumpa mchuuzi wa samaki wa Mwabungo mkeka mzima mzima, bure, kwa kuwa tu waligundua kuwa ni wasomo. Tulimcheka mwaka mzima, na yeye akatuambia hatuna adabu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Ndimi niliyemshonea lebo, vitambaa vidogo vyenye jina lake kwa uzi wa buluu, akawa anavishonea kwenye pembe ya kila mkeka. Mikeka ikauzwa Diani kwa wageni, na mgeni mmoja, mama wa Ulaya aliyekuwa akija kila mwaka, akaanza kuagiza mingi kwa ajili ya duka lake huko kwao. Huyo ndiye aliyesema benki zinamla makato na akataka kulipa kwa kripto, yaani hizi sarafu za mtandaoni zisizopita benki.

Mkwe wangu alilishughulikia. Ni kijana wa Kinango, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na mambo hayo anayajua. Akamfungulia shangazi pochi ndani ya simu, akamwonyesha anwani yake, ile ambayo mtu akitaka kukulipa lazima aiandike. Ilianza na sifuri na eksi, halafu ikafuata foleni ya herufi na tarakimu isiyo na mwisho.

"Hii ni anwani," shangazi akauliza, "au paka alipita juu ya mashine?"

Malipo ya kwanza yaliingia salama, mkwe akayabadilisha kuwa shilingi, na tukaona kweli dunia imesonga mbele. Ijumaa moja, baada ya swala, tukiwa kwangu Ukunda tunakula, mkwe akaleta habari nyingine.

"Bibi, iko huduma ya majina. Badala ya mtu kuandika mlolongo wote huu, anaandika jina lako tu, na mtambo unamtafutia anwani yako. Na mtu aliye na anwani tu, asiyejua jina, anaweza kuuliza ni ya nani, akajibiwa jina."

"Kama kuuliza njia," shangazi akasema. "Kwa fulani ni wapi, na yule pale ni nani."

"Hivyo hivyo, Bibi."

Akaliandika jina la shangazi ili aone kama liko wazi. Halikuwa wazi. Ilitokea anwani ndefu, si ya shangazi, na chini yake maandishi kwamba jina hilo lina mwenyewe. Mkwe akasikitika. Akasema hata hivyo si neno, angeweza kulisajili hilo hilo kwa kuliongezea tarakimu mwishoni.

"Mimi ni pikipiki nibandikwe namba?" shangazi akamuuliza, tukacheka sote. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ile simu, na uso umemkunjuka. "Kwa hiyo huko nako nina somo."

"Bibi, huyu hatumjui."

"Ndiyo nataka tujuane. Mpe salamu zangu."

Mkwe akamweleza kwamba kwa njia ile huwezi kumpa mtu salamu, unaweza kumtumia sarafu tu. Shangazi akasema basi amtumie kidogo, kishika mkono cha somo, kwa kuwa mtu huendi kwa somo yako mikono mitupu. Mkwe alisitasita, akanitazama, nami nikamwambia afanye anavyoambiwa, ni mtu mzima. Akatuma. Shangazi akaosha mikono akiwa na raha, akaomba dua kwamba somo yake afike mbali.

Somo yake! Aliyekuwa upande wa pili hakuwa mtu mwenye jina la shangazi. Alikuwa mtu aliyeiona mikeka kwenye picha za duka la Ulaya, akazisoma lebo nilizozishona kwa mkono wangu, akaenda kulisajili jina kabla ya mwenyewe hajajua kuwa majina yanasajiliwa. Hakuiba simu wala hakuvunja nyumba. Alitega tu jina, kama mtu anavyotega dema mahali anapojua samaki watapita.

Na samaki alipita. Likaja agizo kubwa kuliko yote, mikeka ya hoteli nzima huko Ulaya. Shangazi akaisuka miezi kadhaa na majirani zake wakamsaidia. Ikakamilika, ikafungwa, ikawa inangoja malipo kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa makubaliano: pesa kwanza, mzigo baadaye. Malipo hayakuja. Tulipouliza, yule mama akajibu kwamba alishalipa.

Mkwe akakaa na simu yake akafuatilia, kwa kuwa kwenye daftari lile la mtandaoni, hiyo blokcheni, kila kinachotumwa huonekana na kila mtu. Kweli alikuwa amelipa. Safari hii alikuwa ameona uvivu wa anwani ndefu, akaandika jina alilolisoma kwenye lebo. Mtambo ukamletea anwani. Na yeye, kwa kuwa si mjinga, akaikagua kwanza. Akaona kwamba anwani ile iliwahi kupokea kitu kutoka pochi ya shangazi aliyoizoea. Akasema moyoni, naam, hizi zote ni zake, anajitumia mwenyewe kutoka mfuko huu kwenda ule. Akatuma.

Kile kishika mkono cha somo ndicho kilichokuwa ushahidi. Adabu ya shangazi ilimfanyia mwizi kazi ya muhuri.

Tulimweleza yule mama kila kitu. Jaribu wewe kumweleza mtu wa Ulaya kwamba ulimpelekea mgeni zawadi kwa sababu tu mnaitwa jina moja! Akaona ni hadithi ya kitoto. Na kusema haki, kuna mambo ambayo hata sisi yangetupita. Kwenye pesa za simu, ukiandika namba, jina la mtu hutokea kabla hujatuma, nalo limetoka kwenye kitambulisho chake. Sote tumezoea hivyo: ukishaliona jina, moyo unatulia. Huko kwingine jina halikutoka kwenye kitambulisho cha mtu yeyote. Limetoka kwa aliyewahi.

Shangazi akasema mikeka ipelekwe hivyo hivyo bila malipo, ili jina lake lisafike. Hilo hatukuwahi hata kumwambia yule mama. Alikuwa ameshatufungia njia zote za kumfikia, na kwenye ukurasa wa duka lake alikuwa ameweka picha ya mkeka, pembe yenye lebo imekuzwa mpaka uzi wa buluu unahesabika, na chini yake ameandika kwamba watu wajihadhari na tapeli huyu.

Tapeli! Mwanamke anayerudisha sahani ya jirani ikiwa na kitu ndani, kwa kuwa haifai kurudisha chombo kitupu.

Mkwe akawaandikia wenye ile huduma ya majina. Jibu lilikuja kwa upole mwingi: jina ni la aliyelisajili kwanza, hakuna ofisi ya kulirudisha, hakuna anayeweza kulilazimisha daftari libadilike, na huo ndio uzuri wake. Ndivyo walivyoandika, uzuri wake. Nikamwambia mkwe, "Baba, waulize chifu wao ni nani, kadhi wao ni nani." Akasema hawana, mama. Nikasema basi wana nini? Siku chache baadaye akanionyesha kitu kingine: jina la shangazi lilikuwa limetundikwa kwenye gulio la mtandaoni, kama mbuzi wa sikukuu, linauzwa. Mwizi alikuwa amemaliza kulitumia na sasa alitaka tulinunue. Na hata tungelinunua, mkwe akasema, tungelilipia kodi kila mwaka, na mwaka tutakaosahau litaanguka aliokote mwingine.

Mwenyeji wa pwani hii hahitaji kufafanuliwa jambo la namna hiyo. Babu yangu alizaliwa, akalima na akazikwa kwenye shamba lililokuwa karibu na ufuo, kisha akatokea mtu na hati, na wanawe wakaambiwa kuwa wao ni maskwota, wakaaji wasio na haki. Aliyewahi kuandikisha ndiye mwenyewe. Nilidhani basi wamemaliza, ardhi ndiyo iliyokuwa ya kuchukuliwa. Kumbe yalibaki majina.

Binti yangu akajifungua salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akika, sherehe ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, ikapangwa. Siku mbili kabla yake, tukiwa barazani, mkwe akaanza kuzungukazunguka na maneno, akajikohoza, akasema, "Mama, nilikuwa nafikiri. Hili jina. Mtoto atakua, ataomba kazi, mtu atalitafuta mtandaoni. La kwanza litakalotokea ni tapeli."

Sijui nilisimamaje. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hapaswi kuambiwa na mama mkwe, na hayo pia sitayaandika. Nilimuuliza tangu lini watoto wetu wanaomba ruhusa ya kuitwa kutoka kwa mwizi. Nilimwambia kama jina la mtu linachafuka kwa kuibiwa, basi kila aliyeibiwa nguo atembee uchi. Kijana wa watu akainamisha kichwa, lakini hakusema kwamba amekubali.

Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Hakupandisha sauti. "Sawa," akamwambia mumewe. "Wewe ungependa aitwe nani?"

Akataja jina la mama yake mzazi.

"Litafute."

Akalitafuta. Limechukuliwa, linauzwa.

"Lingine."

Akataja jina la mmoja wa wake za Mtume. Limechukuliwa, linauzwa, tena kwa bei ya juu. Hata hilo! Nikapiga astaghfirullahi kwa sauti. Binti akaendelea kumwambia, lingine, lingine. Jina lenye maana ya nuru, limechukuliwa. La subira, limechukuliwa. Akatafuta la binti yangu mwenyewe, halafu langu mimi. Mimi! Fundi wa cherehani wa Ukunda, sina duka huko wala sijatia mguu, na jina langu limekaliwa na mtu mwenye anwani inayoanza na sifuri. Yaliyobaki wazi yalikuwa na tarakimu mkiani.

"Basi," binti akasema, akimhamisha mtoto upande wa pili, "tumpe hilo lenye namba?"

Mkwe akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka. "Nisamehe, mama," akaniambia. "Nitakwenda kuliomba kwa Bibi."

Nikapiga simu Msambweni kumwandaa shangazi kwa ugeni huo. Alinisikiliza, akaitikia salamu zangu zote vizuri, halafu akasema hatakuja kwenye akika. Na mtoto tusimpe jina lake.

"Limeshaharibika," akasema. "Mtoto hana kosa. Mpeni la mtu mwingine." Akakata.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Msambweni na mkwe wangu. Tulimkuta uani, ile mikeka ya hoteli imerundikwa ukutani bado, na yeye ameketi na wembe mkononi. Alikuwa anazitoa lebo. Anakata uzi mmoja mmoja, polepole, ili mkeka usikwaruzike, kisha kitambaa anakitia ndani ya mfuko wa plastiki pajani. Mfuko ulikuwa karibu kujaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kugomba, nikajikuta naziokota nyuzi zilizoanguka. Ni mkwe aliyesogea. Alivua viatu, akaja akachutama mbele yake, chini kabisa kuliko yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nimejaaliwa mtoto wa kike. Nimekuja kwako kuomba jina."

Shangazi hakuuweka wembe chini. "Umelitafuta huko kwenye simu yako?"

"Nimelitafuta, Bibi."

"Huko ni la nani?"

"Huko ni la mwizi."

"Na hapa?"

"Hapa ni lako. Ndiyo maana nimekuja hapa."

Shangazi akamtazama. "Yule hakuomba," akasema. "Ningempa, wallahi. Angekuja akasema, mama, nataka kuitwa kama wewe, ningempa na mkeka juu." Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule ambaye hata mumewe alipokufa alilia chumbani peke yake, na mkwe wangu akabaki amechutama, hakujua aguse au aache. Nami nikalia kwa hasira, maana kilichokuwa kimenikaa rohoni tangu mwanzo ni hicho hicho: alichoibiwa, angekigawa bure.

Alipojifuta uso akanipa ule mfuko wa lebo. "Usizitupe. Nguo za mtoto hupotea, mshonee humo."

Alikuja kwenye akika. Alimpakata mtoto, akamwinamia sikioni, akamwita jina lake mara ya kwanza, akamwambia, "Somo yangu, karibu." Mikeka ya hoteli tuliigawa kwa waliokuja. Watu walikula juu yake, wakaondoka nayo, na kila mmoja alijua ni ya nani bila lebo.

Lile onyo bado liko kwenye ukurasa wa duka la Ulaya. Jina nalo bado linauzwa. Nimemwomba mkwe alitazame asubuhi ya leo, wakati ninaandika haya, akaniambia bei imepandishwa. Anadhani ni kwa sababu tunalitafuta mara kwa mara, na mwizi anaona kuna wanaolitaka.

Mtoto sasa anatambaa. Kila kigauni chake kina kitambaa kidogo cha uzi wa buluu shingoni. Ukimwita kutoka jikoni, akiwa hata uvunguni mwa kitanda, anaitika kwa ukelele, na anageuka, na anakuja. Huyo mwingine, mwenye jina hilo kwenye daftari lisilobadilika, mwiteni nyinyi mpaka sauti ziwakauke, muone kama atageuka.